Hewa ya Mama

Siku hizi hewa ya kila nyumba inakuja kwa bomba, na mtu akiingia kwenye tangi la hospitali, ile hewa nzito anayovutishwa inakatwa kwenye bomba la kwao. Ndiyo sheria. Mama yake Riziki alipona saratani ya kizazi, ila mionzi ikamuunguza kibofu, akawa anakojoa damu. Dawa yake ni tangi. Basi kila akienda, nyumbani wanabaki kuhema kama mbuzi waliokimbizwa. Riziki na mumewe wanaongea kwa zamu. Mtoto wao Sudi akikunja uso tu, anawekewa ziwa mdomoni, asije akamaliza pumzi kwa kulia.

Juzi mama akarudi mapema, kumbe kaenda kufuta jina lake tangini.

"Nimepona, mwanangu. Mkojo mweupe kama maji ya chupa."

"Mama, wewe nawe."

"Sasa unataka nikuonyeshe?"

Wakacheka wote, tena kwa sauti, maana hewa ilisharudi.

Asubuhi Riziki akaingia kuosha choo. Mama kamwaga maji ya kutosha, ila kaisahau ndoo yake ya usiku. Ukingoni damu imeganda, bado nyekundu. Neno moja tu kwa hospitali, mama anarudishwa tangini.

Chumbani Sudi akaanza kulia, kilio kirefu cha kifua kizima. Riziki hajawahi kumsikia hivyo.

"Vipi huko?" mama akauliza kutoka kitandani.

"Hamna kitu, mama," Riziki akajibu, akaanza kusugua ndoo.