Nyuma ya Wapi?

“Kitendawili!” nilimwambia mjukuu wangu Mwaija nilipompelekea chakula kazini kwake Dunda, angalau nimchekeshe.

“Bibi, si sasa.”

Programu yake ya kupokea taarifa za nyaya za umeme zilizoharibika ilikuwa inatapika ujumbe uleule wa hitilafu tangu asubuhi, maelfu kwa maelfu, na kila alipoirekebisha ilizidi.

“Nafuta yote, ianze upya.” Akaweka kidole kwenye kitufe.

Mimi nasoma kwa kuunganisha silabi. Katikati ya mistari ile ya Kizungu, mmoja ulikuwa wa Kiswahili: wa-ya u-me-a-ngu-ka, wa-to-to wa ma-dra-sa wa-na-pi-ta, ha-pa nyu-ma ya…

“Mwaija, ngoja!”

Kioo kilishakuwa cheupe.

“Alhamdulillahi, imenyamaza,” akasema, akifunua kawa. “Haya Bibi, tega.”