Sauti ya Rweyemamu

Katika tamasha la filamu za Ulaya linalofanyika Bukoba kila mwaka, siku hizi hakuna anayesoma maandishi chini ya picha. Kila mtazamaji huvaa visikilizio, na mashine huwafanya waigizaji wamsemeshe kwa Kiswahili, kwa sauti ya marehemu aliyemchagua mwenyewe.

Kokushubila alichagua sauti ya mumewe, Rweyemamu. Filamu ilitoka Ureno. Karibu na mwisho, mzee mmoja alimpigia mkewe magoti akasema, “Nisamehe, mke wangu. Nilikukosea.”

“Nimekusamehe,” Kokushubila akajibu kwa nguvu. Hakuna aliyegeuka; kila mtu ukumbini alikuwa akimsikiliza wa kwake.

Alipofika nyumbani alimpigia simu bintiye, Asimwe, aliyeko Dodoma.

“Baba yako ameniomba radhi.”

“Mama, baba hakuwahi kumwomba mtu radhi.”

“Leo ameniomba.”

“Kwa kosa gani?”

Yule mzee wa Ureno alikuwa ameuza farasi wa mkewe bila kumwambia. Kokushubila hakuwahi kuwa na farasi. Alichotendewa na Rweyemamu hakupata kumsimulia mtu, na leo pia hakikutajwa.

“Mama, bado upo?”

“Nipo, mwanangu.”

Kesho yake saa tisa alasiri kungekuwa na filamu nyingine, na tiketi alikuwa ameshaikata.