Nyumba ya Nyuma ya Reli

Dalali alipoitaja Kilimani kwa mara ya tatu, Mama Pacha alikata uzi kwa meno, akainua uso kwenye cherehani, akasema huko hahami hata akibebwa.

Dalali alibaki kumkodolea macho. Mteja gani anakataa vyumba vinne, maji yasiyokatika na shule nzuri ya kwenda kwa miguu, tena kwa kodi anayoiweza? Watoto walikuwa saba, wamebanana katika vyumba viwili hata kugeuka ubavu ni kwa makubaliano, na mwenye nyumba alishawapa notisi. Mume wa Mama Pacha, fundi bomba, aliinamisha kichwa akaanza kubandua gundi iliyomgandia kidoleni.

Sababu waliijua wote wawili, ila haikuwa ya kusemwa mbele ya mgeni. Kilimani ndiko alikofundisha yule.

Yule alikuwa mke wa kwanza wa fundi. Walikuwa wameshaachana Mama Pacha alipoingia na pacha wake wawili, akawakuta watoto wanne, kisha Mungu akawajalia na kitinda mimba. Siku ya kwanza tu aliondoa picha ukutani bila hata kuzitazama, akapiga marufuku jina lisitajwe ndani. Likizo wale wanne walikwenda kwa bibi yao mzaa mama, na huko walimkuta nani yeye hakuuliza, maana jibu lingemkosesha usingizi. Wivu wake haukuwa wa mzaha. Si kwamba aliogopa kunyang'anywa mume tu; alitaka awe mama wa watoto wote saba, na binti mkubwa wa fundi alikuwa bado anamwita Mama Pacha, kama wanavyomwita wauza mkaa.

Sasa mume huyohuyo amegeuka msifiaji wa Kilimani. Alikuwa amekwenda kutengeneza mabomba ya shule ya kule, akarudi anasimulia madarasa, maktaba, na vyoo ambavyo maji yanapita bila kusukumwa. Mama Pacha alimsikiliza huku roho ikimchoma. Hakuna mwanamume duniani anayependa vyoo kiasi hicho.

Akamuuliza dalali kuhusu ile nyumba nyingine, ya nyuma ya reli.

Dalali alisema hiyo ni vyumba vitatu, na treni ikipita vikombe vinacheza kabatini. Shule ya huko zamani watu waliikimbia, lakini tangu mwaka jana imepata mwalimu mkuu mpya, imenyooka, sasa wazazi wanagombania nafasi. Hilo Mama Pacha hakuwa mgeni nalo. Alishona sare za nusu ya mji, na siku hizi zile za kijani za nyuma ya reli zilimjia kwa wingi, pindo zishushwe, viwiko vitiwe viraka. Ni watu wa hali yake, wasio na cha kutupa lakini wanaotaka mtoto aende shule nadhifu.

"Tunachukua hiyo," alisema.

Dalali alipoondoka, fundi alivuta kigoda akakaa karibu na cherehani.

"Mke wangu, kabla hatujalipa, kuna jambo kuhusu hizi shule."

"Yule yumo ndani yake?"

Fundi akarudia kubandua gundi kidoleni.

"Basi limeze."

Akalimeza. Hakuwa mtu wa ugomvi. Alikuwa mtu wa kukaza nati na kungoja aone kama itavuja tena. Kuwaandikisha watoto alikwenda mwenyewe, akarudi mdomo umefungwa, na mkewe akaona ni uchungu wa kuikosa Kilimani. Moyoni alicheka.

Jambo ambalo hakulitegemea ni furaha ya binti mkubwa. Alipoambiwa ni nyuma ya reli, alitaka kuhakikisha kama ni kweli, na kama ni Mama Pacha mwenyewe aliyepachagua. Jioni hiyo aliosha vyombo bila kutumwa. Asubuhi akaleta chai mpaka kwenye cherehani, akaiweka mbali na vitambaa kama mtu aliyefundwa, akasema, "Asante, mama."

Sindano ilitoka nje ya mstari na Mama Pacha hakujali. Aligeukia dirishani ili machozi yake yasionekane. Kumbe dawa ilikuwa ni kuwapeleka mbali na Kilimani, mtoto apate nafasi ya kumsahau yule. Akashona sare saba za kijani, na zile za watoto wanne wa mumewe akazipitisha mshono mara mbili, jambo ambalo hata pacha wake hakuwafanyia.

Siku ya kufungua shule fundi alisema tumbo linamsumbua. Mkewe hakumsikiliza, akamtoa hivyohivyo, naye akawa anakokota miguu nyuma ya msafara.

Langoni alisimama mwalimu mkuu, mwanamke mfupi mwenye viatu vya bapa, akipokea watoto kwa kuwapa mkono. Mama Pacha alimpenda papo hapo. Alimwona akiinama kumfunga kitinda mimba kifungo cha kola, akipitisha kidole kwenye mshono, akisema kwamba aliyeshona sare hii ni mtu anayewapenda watoto. Mama Pacha alivimba kwa furaha. Akageuka amwonyeshe mumewe mambo aliyowachagulia, lakini mumewe alikuwa anazitazama ncha za viatu vyake.

Binti mkubwa, aliyekuwa ameshaingia ndani ya lango na wadogo zake, alirudi mbio, akamshika Mama Pacha mkono, uso wote unang'aa.

"Mama," alisema, "njoo nikujulishe kwa mama."