Soksi za Mama Chelimo

Nyumbani pwani walimwonya Mwanasha kwamba watu wa milimani hawana salamu. Asubuhi ya kwanza baada ya kuhamia huko alimsalimu jirani, Mama Chelimo, akamuuliza na hali ya watoto. Mama Chelimo akaitazama miguu ya Mwanasha iliyovaa kandambili, kisha akaingia ndani kwake.

Mwanasha akaukumbuka mtaa wao, ambako watu husalimiana mpaka kahawa ipoe.

Mara mlango ukagongwa. Mama Chelimo akamkabidhi soksi nene za sufu, zenye joto la jikoni.

“Vaa. Utaugua.”

“Ahsante, mama. Umeamkaje lakini?”

“Nimeamka,” akajibu, akaondoka bila kuaga.

Mwanasha akazivaa. Akasimama mlangoni akimtazama anavyopanda kilima, jembe begani, akitamani ageuke, hata mara moja.