Kufuli la Choo cha Wasichana

Delfina Sumagaysay aliomba nyundo kabla hajapewa hata kiti.

"Nyundo ya nini, Manang?" aliuliza Merlita. Walikaa dawati moja miaka minne, na bado alimwita dada mkubwa, ingawa Delfina alimzidi kwa wiki mbili tu. "Miaka sita unatudanganya mwakani, mwakani. Leo umekuja kweli, unaanza na nyundo? Hata nguruwe hajakatwa!"

"Ya kufuli. Na nguvu zikibaki, ya kichwa cha mwalimu mkuu."

Ilikuwa siku ya wahitimu kurudi shuleni, siku ambayo mji mzima wa Matang-ayan huvaa fulana, kila darasa na rangi yake, na watu wenye vitambi huandamana nyuma ya bendi wakijifanya bado wana miaka kumi na sita. Wahitimu wa 1999 walikuwa wameleta mabenchi ishirini. Yalipangwa uwanjani yakiwa bado yamefungwa nailoni, na wanafunzi wakachuchumaa juani kando yake, maana padri alikuwa hajafika na maji yake ya baraka. Hakuna aliyeona ajabu.

Delfina hakuyatazama mabenchi. Alikuwa ametoka Milano, ambako kwa miaka ishirini na miwili aliwaogesha wazee wa watu, na kituo chake cha kwanza kilikuwa nyuma ya maktaba, kwenye jengo dogo la rangi ya waridi. Juu ya mlango: ZAWADI YA DELFINA SUMAGAYSAY, MHITIMU WA 1996. Chini yake, kufuli lenye kutu, kubwa kama ngumi.

Vyoo vinne vya wasichana, vya kuvuta maji. Siku alipotumiwa picha kuonyesha kwamba vimekamilika alilia mpaka bibi aliyekuwa akimwogesha akamuuliza nani amekufa.

Sababu waliijua yeye na Merlita. Walikuwa na miaka kumi na mitatu, sketi ya Delfina ikachafuka damu katikati ya hesabu, shule haina choo chenye mlango, darasa zima likacheka. Alibaki kwenye kiti mpaka wote wakaondoka. Wiki nzima hakurudi. Akaapa kwamba akipata, hakuna msichana wa shule ile atakayekalia aibu yake tena.

Sasa alirudi mlangoni na nyundo ya mafundi wa jukwaa mkononi. Binti mmoja mwenye sare alikuwa akitokea kwenye mashamba ya miwa, viatu vimejaa tope.

"Mwanangu, umetoka wapi?"

"Kujisaidia, Mama."

"Kwenye miwa?"

"Tunaenda wawili wawili. Mmoja anaangalia nyoka."

"Na humu je?"

Binti alilitazama jengo kama maskini anavyotazama benki. "Humo hatujawahi kuingia."

Mwalimu Mkuu, Eustaquio Pabalan, alifika mbio, jasho linamtiririka, bahasha ya nailoni kwapani.

"Madamu Delfina! Karibu, karibu sana! Tulikuwa tunaku..."

"Kaa mbali nami, Mwalimu."

"Ufunguo uko ofisini, Madamu, ila kwanza..."

"Kwanza! Kwanza hotuba, kwanza bendi, kwanza picha! Watoto wa watu wanachuchumaa na nyoka, wewe una kwanza! Vyoo vimekuwa vya wakubwa, siyo? Mkaguzi akija ndiyo mnafungua?"

"Hapana, Madamu. Hata mimi sijawahi..."

"Hata wewe! Haya, msikieni. Basi unawafungia nani, majini?"

Merlita alimvuta mkono. "Manang, mwache aseme. Mtu ana jambo mdomoni."

"Atalimeza."

Pigo la kwanza lilirusha kutu. La pili likanyamazisha bendi. Kufikia la tatu fulana za rangi zote zilikuwa zimejaa nyuma ya maktaba, simu juu, na kufuli likaanguka.

Ndani kulikuwa safi mno. Masinki yalikuwa bado yamevikwa nailoni. Ufagio ulisimama kwenye kona na karatasi ya bei ya dukani. Delfina alifungua bomba, akitumaini lingekohoa hewa tu, apate angalau kisingizio cha kuwasamehe. Maji yakatoka, mengi, baridi, safi.

Hapo ndipo alipopandwa na mori kweli.

"Maji yapo!" Sauti yake ilifika mpaka kwa wapishi. "Miaka sita maji yapo! Ni mtu gani mwenye roho hii? Nani aliyetoa amri mlango ufungwe? Nataka jina lake. Leo, hapa, mbele ya watu wote!"

Mwalimu Mkuu alichomoa karatasi kwenye bahasha, akaitoa kwa mikono miwili, kichwa chini.

"Ahaa! Kumbe ipo kwa maandishi! Vizuri sana." Delfina hata hakuitupia jicho. Aliipokonya, akamtia mkononi yule binti wa viatu vya tope, akamsimamisha juu ya ngazi ya mlango. "Soma, mwanangu. Kwa sauti, mpaka wa nyuma kabisa wasikie. Usimwogope mtu yeyote hapa. Mimi niko nyuma yako."

Binti alinyoosha mgongo, akakohoa kidogo, akasoma kama wanavyofundishwa, neno kwa neno.

"Mpendwa Mwalimu Mkuu. Nakuonya mapema, maana nawajua nyinyi. Fungeni kufuli, na mtu yeyote asitie mguu humo, awe mwalimu, awe mwanafunzi, mpaka nije mwenyewe kukata utepe. Wa kwanza kuingia nataka niwe mimi. Wako mpenda shule, Delfina Sumagaysay, Milano."