Moyo ni Moyo

"Huyu mpirani haendi," alisema Dk. Rogath.

Kikao cha asubuhi kikamgeukia. Kwenye simu yake, kikokotoo cha hatari ya moyo kilikuwa kimewaka chekundu: asilimia thelathini na mbili, na muuguzi mkuu alikuwa amesema mgonjwa ana tiketi ya mechi. Wiki iliyopita hospitali yao ya Nachingwea ilipima presha na sukari kila aliyepita getini, wafanyakazi nao, na leo majibu yalikuwa yanajadiliwa. Majina hayakutajwa. Sheria hiyo aliiweka Dk. Rogath mwenyewe, ili daktari asije akamwonea mtu haya.

Dk. Ritha, mgeni kazini, hakuridhika. "Hicho kifaa kimepimwa kwa watu wa Ulaya, daktari. Wa kwetu hakiwajui. Tumshauri taratibu."

"Moyo ni moyo. Mtu presha juu, tumbo linamtangulia mlangoni, halafu Jumamosi aende Ruangwa kuangalia Namungo? Wakikosa penalti tutamzika kulekule."

Akapapasa mfuko wa shati, ilimokaa tiketi yake mwenyewe. Msimu mzima alikuwa anaingoja mechi ile, na kwa kweli alimwonea huruma huyo bwana. Kidogo lakini.

Muuguzi mkuu, Felomena, aliendelea kutoa maelezo. "Nyama ya kitimoto kila wiki. Chumvi anaongeza mezani. Sigara anavutia chooni, anadhani mkewe hajui."

"Mjinga huyo."

"Usiku anakoroma."

"Sana?"

"Majirani wanalalamika."

Watu waliinamisha vichwa wakijizuia. Dk. Rogath alicheka peke yake mpaka akafuta machozi.

"Basi sikilizeni. Kitimoto mwisho, sigara mwisho, na hiyo tiketi anyang'anywe. Hawa watu ukiwabembeleza wanakuitikia 'ndiyo daktari' huku wanakufa. Asimamiwe na mkewe."

"Hiyo ni amri, daktari?" aliuliza Felomena.

"Amri. Na asisikilizwe akianza kulialia."

Felomena akasimama, akazunguka meza, akanyoosha mkono.

"Haya, baba Brighton. Lete tiketi."

Kikao kizima kikatazama dari. Dk. Rogath aliitazama simu, akamtazama mkewe, kisha akamgeukia Dk. Ritha kwa upole ambao haukuwahi kuonekana hospitalini pale.

"Daktari, hebu rudia ile hoja yako ya Ulaya."