Doa la Svarholmen

Doa lilikuwa limerudi kwenye skrini, pale pale ubavuni mwa kisiwa cha Svarholmen. Ragnhild aliliangalia kama mtu anavyoangalia sahani chafu za jana.

Kazi yake ilikuwa kusafisha. Setilaiti ilipita juu ya pwani ya Helgeland, ikarusha mawimbi ya rada, ikapima bahari imeinuka kiasi gani. Penye mlima chini ya maji, uvutano wake huyakusanya maji yakatuna kidogo, na kwa kutuna huko ndipo ramani ya uvutano inapochorwa. Taabu iko ukingoni. Visiwa navyo hurudisha mwangwi na kuchafua vipimo, kwa hiyo sheria ya chumba kile ilikuwa moja: kinachowaka karibu na nchi kavu, futa, usiulize.

Eirik wa meza ya pili alimletea kahawa. Tangu mashua ya Torleif, mume wa Ragnhild, ikutwe imepinduka kule kusini mwezi Mei, kila mtu alimletea kahawa.

"Nenda nyumbani wewe," Eirik alisema. "Mkono mbovu, na msiba juu yake. Nani kakulazimisha kusafisha bahari ile ile?"

"Nyumbani nikafanye nini?"

"Ukalale. Ila ngazi zenu zile zipite kwa adabu." Aliutazama mkono wa Ragnhild uliofungwa plasta. "Zinakuonea. Mwaka jana mbavu, mwaka huu mkono."

Ragnhild alitabasamu kwa kuwa ndivyo ilivyotakiwa. Hakuhisi kitu. Hata siku helikopta zilipoacha kutafuta, mchungaji alipomshika bega na kumwambia alie tu, alijaribu na machozi hayakuja. Watu walisema ni mshtuko, utaisha.

"Jumapili kwenye ibada ya kumbukumbu tutakuwepo," Eirik aliendelea. "Mke wangu Solveig anaoka lefse, ile mikate myembamba." Kisha akainamia kompyuta. "Hicho nini?"

"Svarholmen."

"Mbona kinawaka hivyo? Mwamba hauwezi. Nani anakaa pale?"

"Ndege tu. Kuna kibanda cha wavuvi kilichoporomoka. Mabati yake yamelala majanini tangu niko mdogo."

"Mwaka jana hayakuwaka." Eirik alishusha sauti. "Ragnhild, helikopta zilitafuta kusini. Hiki kiko kaskazini. Niwapigie watu wa uokoaji, waende wakachungulie? Ni simu tu."

"Usinipe matumaini, Eirik. Nimechoka nayo." Hakupandisha sauti. "Ni uchafu wa nchi kavu. Unaujua kama ninavyoujua mimi."

Uso ulimwiva Eirik kwa aibu. Aliomba radhi, akarudi mezani kwake, na baada ya kitambo akasema kweli, ukingoni hakuna cha kuamini.

Ragnhild akabaki na doa lake. Mabati yaliyolala hutawanya mawimbi ovyo, na setilaiti haiyaoni. Ili yawake namna ile, sharti mtu ayasimamishe, matatu yakutane kama pembe ya chumba, kuta mbili na sakafu. Hapo mawimbi hurudi kule kule yalikotoka.

Jambo hilo watu wa nje ya kazi hiyo hawalijui. Alikuwa amemweleza mmoja tu, Torleif, mezani nyumbani, jioni moja ambayo mume huyo alikuwa mchangamfu, akamwonyesha kwa vipande vitatu vya mkate mkavu. Ukipotea, alimwambia, fanya hivi, mimi nitakuona.

Alikuwa amemwona. Alinyoosha mkono ambao Torleif aliuvunja, akalifuta doa.